Heshima Iliyofunga Tumbo

Laini Saba, Jumamosi mchana

Nerea mwanangu,

Sikuulizi u hali gani. Nakusikia kutoka hapa karakanani ukicheka na shangazi zako, na mtu anayecheka hivyo siku moja kabla ya harusi yake ni mzima, tena ameshiba. Mimi nimewakimbia. Kule ndani wanawake wamejaa, kila mmoja ana neno la kukupa juu ya unga, mume na mama mkwe, na nikiingia nitapewa gunia la viazi nimenye. Kwa hiyo nimeketi kwenye benchi langu la kurandia, nimepangusa maranda, naandika. Mlango wa mbao za saipras nimeuegemeza ukutani, ule ambao wiki nzima umenitania nao, ukiniuliza customer wangu ni mfupi kama wewe au vipi. Nilikujibu ni wa mtu wa Kawangware, nikaendelea kupiga randa. Tutaurudia mlango huo.

Mambo ya jikoni nawaachia hao hao. Mimi nataka kukuandikia juu ya tumbo. Ndiyo, tumbo, na vile linavyofunga na kufungua. Najua baba haongei na binti mkubwa habari za chooni, na ndiyo sababu nimechukua kalamu. Kwa mdomo ningeanza vizuri halafu ningeishia kuzungumzia mvua.

Unakumbuka mwaka ambao kukhu wako, mama wa mama yako, alikuja kutoka Bunyore kutibiwa macho? Ulikuwa bado unavaa sare ya shule iliyokuzidi, na ulikuwa na maswali kuliko polisi. Alikuja na kuku wawili na kikapu cha mboga za kienyeji, tukamkodishia chumba katika ploti yetu hii hii, ukuta kwa ukuta na sisi. Nilifurahi kweli. Yule mama nilimpenda tangu siku niliyokwenda kwao na wazee kupeleka posa. Ndugu zake walitaka kunihoji mpaka jua lizame, yeye akawaambia waniache, kijana mwenye mikono yenye sugu namna ile hatashindwa kulisha mtu.

Lakini kumpenda mkwe ni kitu kimoja, na kukaa naye ploti moja ni kitu kingine. Kwetu mama mkwe hushikani naye mkono. Huli naye meza moja, humkazii macho, na choo anachoingia yeye wewe huingii. Nyumbani sheria hiyo haimsumbui mtu, kuna boma lake na boma langu na shamba katikati. Hapa palikuwa na choo kimoja cha shimo, mwisho wa uchochoro, cha wapangaji wote. Ukikiendea lazima upite mbele ya mlango wake.

Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, na nilijiona mtu wa adabu sana. Nikaapa sitakiingia mpaka mama arudi nyumbani. Hapa karakanani nako hakuna choo, basi nikawa naomba ruhusa kwenye shule iliyo ng'ambo ya reli, na mwalimu mkuu akawa ananitazama kama mtu aliyekuja kuhesabu madawati ili ayaibe. Haja ikija asubuhi, naibana. Ikija jioni, naibana. Haja iliyobanwa mara nyingi nayo hukata tamaa, inaacha kubisha hodi, na mimi nikaona hiyo ni baraka.

Kisha nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Nikapunguza maji ili nisisumbuliwe. Sukumawiki nikaziacha, maharagwe nikayaacha, nikawa mtu wa chai na mkate mweupe. Mama yako alidhani nimechoshwa na mapishi yake, tukanuniana bure kwa siku nyingi.

Choo kikawa kigumu. Nikienda huko shuleni nakaza mpaka mishipa ya shingo inasimama, na siku moja nikaona damu nyekundu kwenye karatasi. Sikumwambia mtu. Nikaupa ugonjwa jina mwenyewe, nikasema hii ni bawasiri tu, nikakutuma kioski ununue chumvi ya haluli, ya kufungua tumbo. Ilinikata tumbo bila kunisaidia. Baadaye nikaanza kutokwa na majimaji, kidogo kidogo, hata nikiwa nimesimama hapa na msumeno mkononi. Nilishukuru Mungu. Nilidhani nimefunguka, tena nimefunguka kupita kiasi, nikakutuma tena kioski, sasa dawa ya kuzuia kuhara. Hapo nisome polepole, mwanangu, maana wengi hupotea hapo. Kule hakukuwa kuhara. Daktari alinieleza baadaye kwamba choo kigumu kilikuwa kimekwama ndani, na yale majimaji yalikuwa yanapenya pembeni yake. Mimi na dawa yangu tulikuwa tunaongeza kufuli juu ya kufuli.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Mwili ulikuwa umekonda lakini tumbo limejaa na kukaza, shati halifungi. Maumivu yalikuja kwa mawimbi. Nilitapika chai, nikatapika maji matupu. Mama yako aliporudi kutoka ibadani akaniuliza, nikamwambia ni gesi, itashuka. Ukweli ni kwamba hata hiyo gesi haikuwa imeshuka tangu jana yake. Ukuta wetu unaujua, ni udongo na mabati. Upande wa pili kukhu alikuwa anasikia kila kitu.

Yeye hangeweza kuniuliza. Akakutuma wewe. Mjumbe mwingine angelizungusha lile swali mpaka likose maana, lakini wewe ulisimama mlangoni na gauni lako la kanisani, ukalifikisha kama lilivyotoka.

"Baba, kukhu anauliza kama umejamba leo."

Mama yako alitaka kukuchapa. Mimi nilicheka, na kile kicheko kikaniumiza mpaka nikashika kitanda. Nikasema hapana. Ukaenda, ukarudi, ukasema anauliza mara ya mwisho kwenda haja kubwa ni lini. Nikageukia ukutani. Mama yako akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya zile siku za kununiana. Ndipo uliposema neno ambalo mimi nimelitembeza moyoni miaka yote hii.

"Baba haendagi hiyo choo juu ya kukhu. Na kukhu pia haendi, juu ya baba. Mimi ndiye humpeleka kule mtaa wa Lindi, kwa rafiki ya mama. Hiyo choo hakuna mwenye anaingia kati yao."

Umewahi kufikiria ulitufanya nini siku ile? Mama mzima, jicho moja limefungwa bendeji na la pili haoni vizuri, alikuwa anashikwa mkono na mtoto kuvuka mitaro mpaka Lindi ili mkwe wake awe na choo. Na mkwe wake alikuwa anaoza tumbo ili yeye awe nacho. Tulikuwa tunaachiana choo kitupu, kila mmoja akijisifu kwa heshima yake, na waliofaidi ni inzi peke yao. Na wewe ulikuwa unajua pande zote mbili, ukingoja tu mtu akuulize.

Nikasikia mlango wa jirani unafunguka. Kukhu akaja akipapasa ukuta, akaingia chumbani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasimama mbele ya kitanda changu.

"Mkwe wangu," akasema kwa lugha ya kwetu, "heshima ni ya watu walio hai. Inuka twende."

Akanyoosha mkono, akanishika. Mama yako akashika upande wa pili, na wewe ukatufuata nyuma. Tulitoka hivyo hivyo kando ya reli mpaka barabarani, na watu wa kwetu waliokuwa wanatoka makanisani walituona, mama mkwe amemkumbatia mkwe wake mchana kweupe. Wanawake wawili walifunika midomo. Yeye hakugeuza shingo. Mwenye pikapu ya kuni alituchukua mpaka hospitali kubwa, na njia nzima hakuniachilia mkono. Nimeona watu wa nguvu wengi katika maisha yangu, wabeba magogo na wapiga ngumi, lakini nikitaka kukuonyesha mtu jasiri nitakuonyesha yule mama mwenye bendeji.

Hospitalini daktari kijana akaniuliza shida ni nini. Unajua nilijibu nini? Nilisema tumbo linanisumbua kidogo, tangu jana. Kukhu alikuwa hajui Kiswahili kingi lakini neno "kidogo" alilijua. Akakunong'oneza, nawe ukamwambia daktari kwamba kukhu anasema mzee anadanganya. Kisha ukamweleza yote, kubana, mkate, ile chumvi, ile dawa ya kuzuia kuhara, maana wewe ndiye uliyetumwa kioski. Damu hukuijua, na hapo ndipo nilipofungua mdomo mwenyewe. Ukiona mtoto ametangulia mbele namna ile, mtu mzima huona aibu kubaki nyuma.

Daktari hakucheka wala hakushangaa. Ndilo jambo jingine nililojifunza siku ile. Mimi nilidhani siri yangu ni ya ajabu duniani, kumbe wao huuliza habari za choo asubuhi mpaka jioni kama sisi tunavyouliza bei ya misumari. Alinibonyeza tumbo, akasikiliza, akanipiga picha. Akasema tumbo lililojaa na kukaza, lenye maumivu, linalotapisha, tena halitoi choo wala hewa, si la kungoja mpaka kesho, kwa sababu utumbo uliofungwa unaweza kupasuka. Waliniosha matumbo kwa maji ya sabuni na mpira, siku kadhaa. Sitakueleza zaidi, nibakize heshima kidogo. Kisha wakanichungulia huko nyuma kwa sababu ya ile damu, wakakuta ni mchubuko na bawasiri kweli. Nikajigamba kwamba nilikuwa nimepatia. Daktari akaniambia nilibahatisha, na kwamba asiyechunguzwa hajui.

Sikuyashika vizuri maneno hayo mpaka yalipompata Elija, fundi niliyeshirikiana naye benchi hili. Elija naye aliona damu. Nilimwambia akachunguzwe, akanijibu ni bawasiri kama yangu, akanywa mizizi. Damu yake ilikuwa inachanganyika na choo chenyewe. Mara anafunga, mara anahara, hakurudia tena ile kawaida yake, na suruali zikawa zinamwanguka naye hajajinyima chakula. Alipokubali kwenda, daktari alisema angelipenda kumwona mapema. Jeneza lake niliranda mbao zake mwenyewe, juu ya benchi hili ninaloandikia. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba damu ni jambo dogo kwa sababu baba yako alipona, mwambie kuhusu Elija.

Usiogope, sitaki uwe mtu wa kusikiliza tumbo kutwa. Kila tumbo lina desturi yake. Mama yako huenda kila asubuhi kabla redio haijaanza habari, mimi hupitisha siku moja au mbili, na sote ni wazima. Githeri, mahindi na maharagwe yake, itakujaza hewa, hiyo ni kazi yake. Ndugu yako mdogo akinywa maziwa ya shule tumbo linanguruma na anakimbia nje, na akiyaacha anatulia. Hilo si ugonjwa wa kumpeleka popote. Chakula kilicholala kitakuharisha siku moja mbili, unywe maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, na kitapita. Kinachotakiwa ni kuijua kawaida yako, ili siku ikibadilika na mabadiliko yakakaa wiki baada ya wiki, ujue kwamba mgeni ameingia. Damu, hata ikiwa haiumi, peleka. Choo cheusi kama lami na hujameza vidonge vya kuongeza damu, kimbia, maana hiyo nayo ni damu, ila imetoka juu tumboni. Kukonda bila sababu, peleka. Kuhara pamoja na homa kali au damu usijitibu kwa dawa ya kioski. Na Mungu akikupa watoto, mtoto anayehara ambaye macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi, huyo usimngojee baba yake arudi kutoka kazini, umbebe uende.

Ukifika mbele ya daktari usiseme "kidogo". Hilo neno limeua wengi kuliko simba.

Niliporudi nyumbani wazee wa kwetu walisema mimi na kukhu tumevunja mwiko, lazima tutakaswe. Sikubishana. Nilimpelekea blanketi na kuku, kama inavyotakiwa. Blanketi alilipokea. Kuku alimrudisha kwa mkono wako, amekwishapikwa, juu yake kilima cha mboga za kienyeji, na ujumbe kwamba mboga ndizo nianze nazo. Tangu siku ile mpaka aliporudi Bunyore tulikuwa na mpango. Mmoja wetu akienda chooni, wewe ulikuwa unatangulia uchochoroni unaimba wimbo wowote, na aliyesikia wimbo alingoja chumbani kwake mpaka umalize. Choo kilikuwa kimoja na heshima ilibaki. Ni wewe uliyeubuni huo mpango, na hata leo sijui wazee wetu wenye fimbo walishindwaje kuufikiria.

Sasa ndipo nifike kwenye kinachoninyima raha. Kesho unaenda Kawangware. Wycliffe ni kijana mzuri, sina neno naye. Lakini chumba chenu kiko ploti moja na wazazi wake, na nilipokwenda kukiona, macho yangu yalitafuta choo kabla ya kutafuta mlango. Kipo kimoja. Na wewe, pamoja na mdomo wako wote, ni mtoto mwenye adabu kuliko mimi. Nakufahamu. Ungemwona baba mkwe wako anakielekea, ungerudi chumbani ukabana, ukapunguza maji, ukaacha mboga, ukaniandikia kwamba u mzima. Nimeona ugonjwa wangu unakungoja pale umeketi kwenye kigoda.

Nikamwita baba yake Wycliffe kando, nikamsimulia haya yote, na damu, na swali la kukhu. Alisikiliza kichwa chini. Nilidhani nimemkosea. Kumbe naye, tangu posa ipokelewe, alikuwa amekwisha kupanga: siku za kazi atajisaidia huko kazini, na siku za mapumziko atavumilia. Mzee wa watu, na umri ule. Tulitazamana, tukacheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tukamwendea mwenye ploti, yule mama Mkikuyu wa siku nyingi pale, tukaomba kona moja nyuma ya vyumba. Alisema Waluhya tutakuja kupasuka kwa heshima siku moja, lakini kona akatupa. Zile Jumamosi nilizokwambia naenda kwenye mikutano ya harusi, tulikuwa tunachimba choo cha pili. Chini kuna mwamba, mikono imetoka malengelenge, na baba mkwe wako anachimba vizuri kuliko anavyoimba. Kuta zimesimama na bati limepigwa.

Umebaki mlango tu. Jioni hii naupeleka kwa mkokoteni niufunge. Nimeupima kwa kimo chako, mwanangu, kwa kukuangalia tu ulipokuwa umesimama hapa unanicheka. Ndani nimeweka komeo zito, ili ukiwa humo usiharakishwe na mtu. Nje kuna kufuli. Ufunguo mmoja anao mama yake Wycliffe, na wa pili umo ndani ya bahasha hii, chini kabisa. Usiitupe bila kuikung'uta.

Wengine kesho watakupa sufuria na blanketi, na mimi watanitangaza mbele ya watu kwamba nimetoa kabati. Kabati lipo, ni zuri. Lakini zawadi yangu ni hiyo nyingine. Ulinifungulia mlango wa choo ukiwa mtoto, nami sikuwa na njia nyingine ya kukushukuru. Utumie bila haya, kila haja ikibisha.

Baba yako anayejivunia wewe,
Fundi